Jinsi ya kuandika muvi ya mateka yenye mapolisi wala rushwa, mtazamaji asibanduke

Wengi wakitaka kuandika muvi ya utekaji wanaanza na bunduki, vioo vinapasuka, helikopta juu, watu wanalia chini ya meza, halafu wakifika ukurasa wa ishirini stori imeisha pumzi. Mi nakwambia anza na saa, ile ya ukutani kabisa. Jiulize hapa nani anataka muda uende na nani anataka haya mambo yaishe sasa hivi. Ukishapata jibu, muvi unayo.

Kawaida polisi ndo wanaotaka muda uende, na hii sio ya sinema, ndo kazi yao ilivyo. Baada ya Olimpiki ya Munich, Ujerumani, 1972, pale wanamichezo na makocha 11 wa Israeli walipouawa kwenye utekaji, polisi wa New York waliona wanahitaji njia nyingine, na Harvey Schlossberg, askari mpelelezi aliyekuwa na PhD ya saikolojia, pamoja na Frank Bolz wakajenga kikosi cha kuongea kwanza badala ya kuvamia. Januari 1973 kule Brooklyn majambazi wakajifungia na mateka kwenye duka la vifaa vya michezo, polisi wakasubiri, kesi nzima ilichukua saa 47, mateka wenyewe wakapata upenyo wakatokea juu ya paa, majambazi wakajisalimisha. Maana mtu saa ya kwanza moyo unamwenda mbio hasikii la mtu, ila saa ya kumi ana njaa, anataka choo, macho mazito, anaanza kuwaza watoto.

Sasa tia rushwa hapo. Aliyejifungia ndani anajua nani kala hela, kwa hiyo kuna afande pale nje kila dakika inayopita inamkaanga, yeye anataka kikosi kiingie, risasi zilie, yule jamaa afe na faili lifungwe. Mpatanishi, yule polisi anayeongea na mtekaji, anavuta muda, mkubwa wake anaukata, na wote wamevaa sare moja. Roho ya mtazamaji inaning'inia hapo, milipuko ni mbwembwe tu.

Na kuna utaratibu wa kipolisi unaokubeba bure: anayeongea na mtekaji hatoi amri, na anayetoa amri haongei na mtekaji. Uliwekwa kwa nia njema, ili mpatanishi awe anasema "ngoja niwaulize wakubwa" na muda upite, lakini kwa mwandishi ni dhahabu, kwa sababu mtu pekee ambaye mtekaji anamwamini hana uwezo wa kuzuia mlango usivunjwe. Ametoka kuahidi hakuna atakayeingia, anageuka nyuma anakuta wenzake wanafunika nyuso tayari kuvamia. Hiyo sini iweke katikati ya skripti.

Kuhusu wala rushwa wenyewe, tafadhali usituletee kamanda anayecheka peke yake gizani. Tume ya Knapp iliyochunguza polisi wa New York, ripoti yake ya 1972, iliwagawa mafungu mawili: wala majani, wanaopokea vijizawadi vinavyowapitia, na wala nyama, wanaoiwinda hela wenyewe. Wala majani ndo walikuwa wengi, na kimya chao ndo kinamlinda mla nyama. Kwa hiyo adui wako awe mla nyama sawa, ila anayemvunja moyo steringi awe mla majani, rafiki yake wa siku zote, alipokea bahasha mara moja tu miaka hiyo na sasa hawezi kufungua mdomo. Hela nayo itoke sehemu inayoeleweka, mfano mfuko wa askari walioumia kazini, au kilo za madawa zilizopungua kwenye stoo ya ushahidi. Kiasi kidogo chenye sahihi ya mtu kinatisha kuliko mamilioni ya kutajwa mdomoni.

Maongezi ya simu ndo yanaua skripti nyingi. Mpatanishi wa kweli hahubiri, anarudisha neno la mwisho na kunyamaza:

"Nimechoka kudanganywa."
"Kudanganywa?"
"We unajua. Wote mnajua."
"Kaka, nakusikia una hasira. Na kama vile kuna mtu alikuumiza kabla ya leo."

Kimya. Kiache, usikijaze na muziki. Chakula polisi wanaweza kukitoa ili mateka aachiwe, silaha haziingii hata kidogo, na mpatanishi hataji mwenyewe saa ya mwisho. Mtekaji akisema "saa sita naua mtu", ikifika saa sita mpatanishi yuko bize anauliza dawa za presha za mzee aliyelala sakafuni, inapita sita na dakika mbili, tano, na sisi tunaotazama ndo tunatokwa jasho.

Mateka nao wasiwe fanicha. Stockholm, Sweden, Agosti 1973, mateka wanne wa benki walishikiliwa siku 6, na mmoja wao aliongea kwa simu na waziri mkuu Olof Palme akiomba waruhusiwe kuondoka na watekaji, maana hofu yake kubwa ilikuwa polisi wakivamia. Kwenye muvi yako hofu hiyo ina mantiki kabisa, mateka anaona dirishani bunduki ya nje imemlenga nani, kwa hiyo yeye ndo awe wa kwanza kumwamini mtekaji, kabla hata ya mpatanishi.

Mwisho adui atakiri, najua, wote tunaandika hivyo. Basi usimwachie akiri kijinga mbele ya mtu aliyeficha rekoda mfukoni, tumeshaiona sana. Simu za mpatanishi huwa zinarekodiwa, kwa hiyo mapema kabisa onyesha mara moja tu mkono wa mtu ukibonyeza kitufe na taa nyekundu inawaka, hakuna anayeizungumzia, halafu usiiguse tena mpaka adui mwenyewe, kwa haraka yake ya kumaliza, apokonye ile simu aongee.