Jinsi ya kulitumia neno "get" la Kiingereza bila kukariri maana zake zote

Wengi hufundishwa kwamba "get" ni "kupata", wakaishia hapo. Halafu wanakutana na "It's getting dark" na tafsiri ya kupata inagoma, kwa sababu maana yake ni "giza linaingia". Usihangaike kukariri orodha ndefu ya maana. Kila ukikutana na "get", tazama kinacholifuata: ni kitu, ni sifa, ni mahali, au ni kitenzi kingine? Hicho ndicho kinachoamua maana.

Kikifuata kitu, kazi ni nyepesi. "I got a letter" ni kupokea barua, "I got some bread" mara nyingi ni kununua mkate, na "Get me a chair" ni "niletee kiti". Ugonjwa nao huingia hapa: "She got malaria", aliugua malaria. Katika mazungumzo, "I don't get it" ni "sielewi".

Kikifuata kivumishi, hapo ndipo wasemaji wa Kiswahili hukwama, maana lugha yetu ina kitenzi kimoja kinachotosha: kuchoka, kukasirika, kulowa, kulewa, kuzeeka, kupotea. Kiingereza cha kila siku huunganisha maneno mawili: get tired, get angry, get wet, get drunk, get old, get lost. Kumbuka kwamba "get" huonyesha badiliko, na "be" huonyesha hali iliyokwisha kuwapo. "I'm tired" ni "nimechoka". "I'm getting tired" ni "naanza kuchoka". "I get tired quickly" ni "mimi huchoka haraka". Anayesema "I'm getting tired" akiwa hoi kabisa anaeleweka kuwa bado ana nguvu kidogo. Jihadhari pia na "Get lost!" inaposemwa kama amri: ni maneno makali ya kumfukuza mtu. Na kwa kuwa sisi husema kuoana "na" mtu, wengi huandika "get married with". Sahihi ni "get married to".

Kikifuata mahali, maana ni kufika, na unahitaji "to": "We got to Mombasa at six." Lakini "home", "here" na "there" hazitaki "to": sema "I got home", usiseme "I got to home". Kwa vyombo vya usafiri, basi, treni, meli, ndege, baiskeli na pikipiki hutumia "get on" kwa kupanda na "get off" kwa kushuka. Gari dogo na teksi, ambamo huwezi kusimama wala kutembea, hutumia "get in" na "get out of".

Matumizi yanayostahili mazoezi zaidi ni ya kufanyiwa kazi na mtu mwingine. Kwa Kiswahili mtu anaweza kusema "nimetengeneza simu yangu" hata kama aliyeitengeneza ni fundi, na watu wakamwelewa. Kwa Kiingereza, "I repaired my phone" inamaanisha umeitengeneza mwenyewe. Ukiipeleka kwa fundi, sema "I got my phone repaired". Mpangilio haubadiliki: get, kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu (repaired, cut, washed, done). Ukisema "I got repaired my phone" umevuruga mpangilio huo. Vivyo hivyo, aliyenyolewa kwa kinyozi husema "I got my hair cut". Ukitaka kumtaja aliyefanya kazi, muundo hubadilika na "to" inaingia: "I got my brother to repair my phone", yaani nilimwomba au nilimshawishi kaka yangu aitengeneze. Kwa "make" hiyo "to" haipo: "I made him repair it", nilimlazimisha. Wengi huichanganya miundo hii miwili.

"Get" pia huunda kauli ya kutendwa: "He got fired", alifukuzwa kazi, "We got paid", tulilipwa. Itumie kwa matukio tu. Vitenzi vya hali kama "know" havikubali, kwa hiyo usiandike "The answer got known". Swali lake huundwa kwa "did": "Did you get paid?"

Sasa sikiliza kwa makini jozi hii. "I got to see her" ni "nilipata nafasi ya kumwona". "I've got to see her" ni "lazima nimwone". Katika usemi wa haraka ile "'ve" husikika kwa shida, na wengi hutamka "got to" kama "gotta". Muktadha ndio utakaokusaidia: jambo lililopita au wajibu ulio mbele?

Vifungu vingine ni vya kuzoea tu: get up, kuamka au kusimama, get over, kupona au kuacha kuumia moyoni, get by, kujikimu, get rid of, kuondoa, get away with, kufanya kosa bila kuadhibiwa. "I'll get back to you" ni "nitakujibu baadaye".

Kwa maumbo, Waingereza husema get, got, got. Wamarekani wameendelea kutumia umbo la zamani "gotten", na kwao lina maana mahususi: "I've gotten a car" ni "nimepata gari", ilhali "I've got a car" ni "nina gari". Chagua mkondo mmoja uufuate. Umbo la -ing huandikwa kwa t mbili, "getting".

Katika barua ya kuomba kazi, ripoti au tasnifu, punguza "get". Andika "receive" kwa kupokea, "obtain" kwa kupata, "become" kwa kuwa, "arrive" kwa kufika. Lakini usiyapeleke maneno hayo kwenye mazungumzo ya kila siku: "I obtained some bread" itamshangaza muuza duka.