Miguu Ikiwaka Moto: Kusoma Tindikali ya Damu kwa Pumzi na Namba

Nafundisha mbio za mita 800 huku Mbulu, kwenye uwanja wa vumbi. Kipimo cha damu sina. Nina saa, filimbi na daftari, na vinatosha ukijua cha kuuliza.

Jumanne moja binti mmoja alikimbia mita 400 mara tano, kila mzunguko sekunde 72. Baada ya wa kwanza nilimuuliza umekuwa mgumu kiasi gani, akasema 13. Baada ya wa tano aliinama, mikono magotini, jasho likidondoka na kutoboa vumbi. "Kumi na tisa, mwalimu." Kasi ni ileile, na hakuwa anadeka. Damu yake ilikuwa imebadilika.

Namba hizo ni za kipimo cha Msweden Gunnar Borg: 6 ni kama umekaa tu, 20 ndiyo mwisho wa uwezo wako. Mkimbiaji aitaje pale pale anapovuka mstari, kabla hajaanza kujipendezesha kwa kocha, nawe uiandike kando ya muda wake.

Damu ya mtu aliyepumzika huwa na pH ya 7.4 hivi. Mbio kali zikirudiwarudiwa hushuka hata kufika 7.1, na pH ikishuka maana yake tindikali imepanda. Mwili huipunguza makali kwa bikaboneti iliyomo kwenye damu, na hapo hutokea hewa ya ukaa ambayo mapafu lazima yaitoe. Ndiyo maana mtu huendelea kutweta hata akishasimama. Ubongo husikia mtweto huo na moto wa mapaja, ukaiona kazi ni nzito. Saa yangu hauioni.

Kwa hiyo kabla ya mzunguko mwingine mwambie aseme: "Asubuhi nimetoka nyumbani nikapita sokoni." Akiimaliza kwa pumzi moja, aende. Akikatikia kwenye maneno mawili, msubiri, lakini asikae chini: atembee, akimbie polepole. Sisi tulikuwa tunapumzika sekunde 90 tukiwa tumesimama. Nikafanya dakika 3 za kutembea, na wiki iliyofuata mzunguko wa tano, sekunde 72 zilezile, binti akasema 16.

Namba ikiwa juu tangu mzunguko wa kwanza, usiilaumu tindikali. Uliza kama amelala, kama amekula. Akilalamika kifua kinamuuma au anaona kizunguzungu, mazoezi yameishia hapo.

Mkimbiaji wa 800 lazima pia aizoee hali hiyo, hivyo mara moja kwa wiki nafupisha mapumziko ya mizunguko miwili ya mwisho kwa makusudi. Unga wa bikaboneti, ule wa kuumulia keki, wapo wakubwa wanaokunywa kabla ya mbio na huwasaidia, ila huvuruga tumbo vibaya. Wanafunzi siwapi. Na anayechechemea Jumatano asubuhi, tindikali ilishamtoka jana yake, saa moja hivi baada ya mazoezi. Huyo misuli yake imechubuka, mpe siku ya kukimbia taratibu.