Kibali cha kazi Marekani kimepita, sasa ufanyeje

Umeingia kwenye tovuti ya USCIS, wale wa uhamiaji, ukakuta fomu yako ya I-765 ya kuomba kibali cha kazi imekubaliwa, hongera sana, piga vigelegele, ila kule kazini kwenye maboksi usiwaambie kesho naanza. Kukubaliwa ni kitu kimoja na kadi ya kibali kuwa mkononi ni kingine, na katikati hapo kuna posta. Yangu mimi iliprintiwa, ikatumwa, ikafika mpaka kwenye apatimenti halafu ikarudi ilikotoka, kisa kwenye kisanduku cha barua palikuwa na jina la mjomba peke yake, mleta barua kaona langu halimo kaondoka nayo. Kuipata tena ilikuwa wiki na wiki za kubembeleza kwenye simu. Kwa hiyo kata kikaratasi sasa hivi, andika jina lako kama lilivyo kwenye fomu, bandika ndani ya kisanduku, ndo urudi uendelee kusoma.

Kadi ikishatumwa wanakupa namba ya USPS, yaani posta ya Marekani, ya kuifuatilia. Jiunge pia na Informed Delivery ya posta hao hao, ni bure, wanakutumia kwa imeili picha za barua zinazokuja siku hiyo. Ukihama, USCIS waambie ndani ya siku 10, unafanya mtandaoni tu, na usidhani kubadilisha anwani posta kunatosha maana barua zao hazimfuati mtu, zinarudishwa. Kama kesi yako iko korti ya uhamiaji basi korti nayo ina fomu yake, EOIR-33, na hao wanakupa siku 5 za kazi.

Kadi ikifika isome kabla hujaipiga picha ya kuwatumia nyumbani (na ukiwatumia funika namba, tafadhali). Majina yetu matatu huko huwa wanayachanganya, la babu linakuwa la kwanza. Kosa likiwa la kwao wanarekebisha bila kukutoza. Angalia na herufi za kategori, C08 ni asailamu (kuomba hifadhi) ambayo bado haijaamuliwa, A05 ni aliyeshapewa, A03 mkimbizi, C09 anayesubiri green card (kadi ya ukaazi wa kudumu), ukikuta herufi usizozielewa muulize loya wako.

Halafu sosho, yaani Social Security, namba ya serikali unayotakiwa kuwa nayo kazini. Kama kwenye I-765 uliomba na namba ya sosho, inakuja yenyewe kwenye bahasha nyingine, kwa kawaida ndani ya wiki mbili baada ya kadi. Isipokuja nenda ofisi ya Social Security na kadi yenyewe, sio kopi, ubebe na pasipoti, hawachaji hata senti. Wengi wetu inakuja na maandishi kwamba ni ya kazi kwa idhini ya DHS (wizara ya usalama wa ndani) tu, usishtuke, ndivyo zilivyo. Ukishaikariri namba iache nyumbani, usitembee nayo kwenye waleti.

Sasa hapa ndo nataka utulie, maana kuna watu wameharibu kesi nzuri kwa tiki moja. Siku ya kwanza kazini unajaza I-9, fomu ya kuonyesha unaruhusiwa kufanya kazi, na sehemu ya kwanza inakuuliza wewe ni nani: raia, mkazi wa kudumu, au mgeni mwenye idhini ya kufanya kazi. Wewe ni huyo wa mwisho, unaandika na tarehe kadi inapoisha. Ukiwa na haraka ukatiki raia, hata kama ni Kiingereza tu kilikupiga chenga, serikali inaweza kusema umejidai raia, na kosa hilo linaweza kukufungia green card maisha. Mtego huohuo uko kwenye leseni, unaenda kuchukua ID ya jimbo, dada wa kaunta anakuuliza kwa haraka haraka kama unataka kujiandikisha kupiga kura na wewe kwa heshima zako za Kiswahili unaitikia yes kila anachosema. Jibu ni no. Skrini ikikuuliza tena, no tena.

Na mwajiri akikuambia kadi hii haitoshi lete green card, mwambie taratibu kwamba kwenye I-9 kadi hiyo iko List A, inajitosheleza, na kuchagua hati ni haki yako sio yake.

Kadi sio viza. Kama haina maandishi ya advance parole, yaani ruhusa ya kutoka na kurudi, usipande ndege kwenda kwenye msiba ukidhani itakurudisha, najua inauma, ila anayesubiri asailamu akitoka hivyo anaweza kuhesabiwa ameiacha kesi.

La mwisho ni tarehe ya kuisha. Zamani ukiomba kurenew mapema kadi ya zamani ilikuwa inaongezewa muda yenyewe, mpaka siku 540, lakini kwa walio wengi hiyo imefutwa kwa maombi yaliyopelekwa kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025, yaani mpya isipofika kwa wakati unasimama kazi. Dirisha la kuomba kurenew linafunguka siku 180 kabla kadi haijaisha. Mimi nimeweka alamu mbili kwenye simu, moja ya siku hiyo hiyo na nyingine ya wiki inayofuata, maana ile ya kwanza najijua, nitaizima nilale.