Ndugu yako akirudia unga (heroini): mambo ya kuandaa kabla hujaanza kugombana naye

Hasira iweke pembeni kwanza. Siku hizi za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa, na kuna vitu vya kuweka sawa leo hii.

Fedha mkononi usimpe. Akihitaji nauli, mpeleke mwenyewe. Akihitaji sabuni, mnunulie. Simu, pasi na mtungi wa gesi vikae panapofungwa, bila kuutangazia mtaa kwamba ndani mna mwizi. Neno teja lisitamkwe nyumbani, hata na watoto.

Usimfungie chumbani eti arosto, yaani mateso ya kukosa unga, imkomeshe. Arosto ya unga huanza saa 8 hadi 24 baada ya kutumia mara ya mwisho, hupanda siku ya 2 na ya 3, kisha hulegea baada ya wiki hivi. Atatapika, ataharisha, mifupa itamuuma, usingizi hatauona. Weka ORS, paketi 1 kwa lita 1 ya maji safi. Lakini kama alikuwa pia akinywa pombe kila siku au kumeza vidonge vya usingizi kama Valium, msijaribu kumwachisha nyumbani: anaweza kupata degedege na kufa. Huyo ni wa hospitali.

Sasa hili, ambalo familia nyingi hulijua msibani. Mwili uliokaa bila unga umesahau kuubeba. Mtu aliyekuwa akimaliza kete (vipakiti vya unga) 5 kwa siku, akatoka soba, nyumba ya kuachia unga, baada ya miezi 3 akarudia kiasi kilekile, dozi yake ya zamani inaweza kumuua. Na hafi kwa kelele. Anarudi usiku, anajilaza kwenye kochi, anakoroma, na watu wanashukuru kwamba leo kalala mapema. Usikilize mkoromo huo. Ukiwa wa kukwamakwama kama maji kooni, na kati ya pumzi na pumzi pakipita kimya kirefu, hajalala huyo. Mwite, msugue mfupa wa kifua kwa vifundo vya ngumi. Asipoitika, tazama midomo na kucha, zimegeuka rangi ya majivu. Funua jicho, mboni imekuwa ndogo kama kichwa cha pini. Mmoja atafute gari, mwingine ainue kidevu, abane pua na ampulizie mdomoni pumzi 1 kila sekunde 5. Akianza kupumua mwenyewe, mlazeni ubavu. Maziwa, limau, maji ya chumvi, ndoo ya maji baridi, acheni vyote. Mtu aliyezimia ukimnywesha unampalia.

Hospitalini taja unga waziwazi. Ukisema malaria kwa kuona aibu, naloksoni, dawa ya kuzima nguvu ya unga, itachelewa. Humzindua mtu kwa dakika chache, ila nguvu yake huisha baada ya dakika 30 hadi 90, na unga unaweza kuwa bado mwilini. Ataamka na arosto, atataka kuondoka. Mkalisheni hapo saa kadhaa.

Kwa hiyo leo ng'oa komeo la ndani la choo, na umwambie kwa sauti ya kawaida asitumie akiwa peke yake. Kumwambia hivyo si kumruhusu.

Kama alikuwa kwenye metadoni, dawa ya kliniki ya kunywa badala ya unga, kama inayotolewa hospitali ya Muhimbili tangu 2011, mrudishe kliniki na useme kweli ni siku ngapi amekosa. Akiwa amekosa siku kadhaa, dozi ya zamani ni hatari, na wahudumu huanza chini. Usimwongezee vidonge vya usingizi juu ya metadoni.

Apime VVU na homa ya ini. Watoto wasiachwe naye peke yao kwa sasa. Wewe nawe lala, pokezaneni zamu. Ukikuta sindano uvunguni usiirudishie kifuniko, ndipo watu hujichoma. Iokote kwa upande wa bomba, itie kwenye chupa ngumu ya plastiki, ifunge, uipeleke kituo cha afya.