Ralanti inatoka na chembechembe? Angalia mwangaza kwanza
Bandugu munaopiga video za arusi hapa Goma, kama ralanti (video ya mwendo wa polepole) inatoka nyeusi-nyeusi na chembechembe musikimbilie kusema telefone imekufa. Ukiweka picha 240 kwa segonde, kila picha inapata mwangaza usiozidi 1/240 ya segonde, njo maana ndani ya sale ya arusi kamera inapandisha ISO (nguvu yake ya kuhisi mwangaza) na chembe zinajaa, zaidi kwenye suti nyeusi ya bwana arusi. Shusha kwa 120, sogeza maarusi karibu na dirisha, utaona tofauti palepale.

Ile ya mwanga kuchezacheza nayo inatoka kwa ampuli, umeme wetu ni 50 Hz kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa segonde, jicho halioni lakini ralanti inaona. Kama kamera yako iko na PAL (mtindo wa video unaoendana na umeme wa 50 Hz) kwenye menyu, chagua hiyo upate picha 100 kwa segonde, shata (muda kila picha inapokea mwangaza) weka 1/100, inatulia. Haina? Toka nje. Jana saa kumi nilipiga video ya chukudu, kile kigari chetu cha mbao, ikishuka, 240 hiyohiyo, vumbi likaonekana punje kwa punje. Na lensi mufute jamani.