Kocha Ajaye wa Dodoma Jiji: Jinsi ya Kuendesha Mjadala wa Mashabiki Hadi Upatikane Ushauri wa Maana

Mjadala wa kocha ukianza na jina, umeshaharibika. Mmoja atamtaja Mecky Maxime, wa pili atajibu kwamba huyo alishapita hapa msimu wa 2024/25, wa tatu atamrudisha Mbwana Makata kwa kuwa ndiye aliyekuwa benchi timu ilipoingia Ligi Kuu mwaka 2020. Nusu saa baadaye kahawa imepoa, kashata zimeisha, na hakuna aliyesema timu inahitaji nini. Utaratibu ulioelezwa hapa unafaa tawi au kijiwe chochote, kiwe cha Majengo, Chang'ombe, Nkuhungu au Kisasa, kinachotaka kuupelekea uongozi karatasi moja yenye hoja zinazosimama. Wenzetu wa Singida Black Stars wabadilishe jina la timu tu, hesabu ni zile zile.

Siku, watu na kaunta buku

Msikae usiku wa kipigo. Simba iliachana na kocha wake Robertinho Novemba 2023, siku mbili baada ya kufungwa 5-1 na Yanga. Klabu yenye fedha ya kulipia uamuzi wa haraka inaweza kufanya hivyo. Kijiwe hakina sababu. Mechi ikichezwa Jumamosi, kaeni Jumatatu au Jumanne jioni.

Watu 12 hadi 20 wanatosha. Wakizidi 25, wanasikika wenye sauti kubwa tu. Mteueni mwenyekiti ambaye siku hiyo hatapendekeza jina, katibu mwenye kaunta buku, na mtu mmoja wa kushika muda kwa simu. Kila mzungumzaji apewe dakika tatu, na asirudi mpaka wengine wamepita. Mzee wa kijiwe aheshimiwe kwa kupewa nafasi ya mwisho, maana shikamoo yake ikishapokelewa na hoja yake ikatangulia, vijana wengi hawatampinga.

Jambo la pili la hapa kwetu ni damu mbili. Karibu kila shabiki wa Jiji ana timu yake Kariakoo, Simba au Yanga, na asiyekiri anadanganya. Kila mtu aitaje mwanzoni kabisa. Akipendekeza kocha aliyewahi kufundisha timu hiyo, jina lisiandikwe mpaka liungwe mkono na mtu wa upande wa pili. Kanuni hii peke yake hupunguza majina ya ushabiki kwa kiasi kikubwa, na pia hupunguza kelele za utopolo na makolo, majina ya kutaniana ya Yanga na Simba, zinazokula muda.

Timu inaumwa wapi

Dakika 40 za kwanza, jina la kocha ni marufuku. Atakayelitaja anunue kahawa ya wote.

Katibu awe ameandaa mechi 15 za mwisho siku moja kabla: tarehe, nyumbani au ugenini, matokeo, dakika ya kila bao lililofungwa na lililoingia, na bao lilivyopatikana. Kwa kila bao aandike neno moja tu: kona, faulo, penalti, krosi, shambulizi la kushtukiza, kosa la beki, kosa la kipa. Ratiba na matokeo yapo Bodi ya Ligi. Dakika za mabao zipo kwenye vipande vya video vya Azam TV. Ni kazi ya saa mbili hivi, na ndiyo inayobeba kila kitu kinachofuata.

Kisha someni daftari. Tuseme timu imeruhusu mabao 20, na 8 kati ya hayo yameingia baada ya dakika ya 75. Hapo tatizo ni pumzi, au benchi jembamba, au kocha anayechelewa kubadilisha wachezaji. Tazameni dakika za mabadiliko mjue ni lipi. Kama 7 yameingia kwa kona, hakuna haja ya kubishana kuhusu mfumo wa 4-3-3. Timu haijui nani anamkaba nani kwenye mipira ya kutenga, na hilo linarekebishwa mazoezini na msaidizi makini hata kama kocha mkuu hana jina. Kama nusu ya mabao ya timu yamefungwa na mtu mmoja na mkataba wake unaisha, basi kocha mpya anakuja kwenye kikosi tofauti kabisa na mnachokijua.

Ongezeni hali halisi ya kazi yenyewe. Ligi ina timu 16, mechi 30, na 15 ni za ugenini. Mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaingia mtoano wa kuwania kubaki. Dar es Salaam siku hizi treni ya SGR inafika, lakini Ruangwa bado ni basi na mgongo. Kocha anayewaamini wachezaji 13 tu atachoka nao kabla ratiba haijaisha. Na timu ni ya Halmashauri ya Jiji: mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, kwa hiyo pendekezo la kuongeza mchambuzi wa video au kocha wa viungo linalopelekwa Agosti linakuta fedha zimeshapangiwa matumizi mengine.

Malizeni sehemu hii kwa sentensi za mahitaji zisizozidi tano. “Tunataka kocha anayejua mpira” si hitaji, wote wanaujua. “Tunataka kocha ambaye timu zake za nyuma hazikuruhusu mabao mengi kwa kona” ni hitaji, kwa sababu linahesabika.

Chujio

Sasa majina yaingie, yasizidi kumi. Kabla ya kusifia mtu, pitisheni kila jina kwenye maswali manne.

Leseni kwanza. Ngazi za CAF, shirikisho la soka Afrika, hupanda D, C, B, A hadi Pro. Someni kanuni za Ligi Kuu za msimu husika zinazotolewa na TFF, shirikisho la soka nchini, na kama timu inaota mashindano ya Afrika, mwangalie mara mbili. Mwaka 2021 Didier Gomes alikuwa kocha mkuu wa Simba na bado alikwama kwenye mashindano ya CAF kwa sababu ya aina ya leseni aliyokuwa nayo. Jina kubwa halikumsaidia.

La pili, je, yupo huru? Kocha mwenye mkataba anahitaji kuvunjiwa, na hiyo ni fedha. Swali hilo lina upande wa pili ambao vijiwe huusahau: ataondokaje? Sead Ramovic aliiacha Yanga Februari 2025 katikati ya msimu akaenda CR Belouizdad ya Algeria. Fadlu Davids aliondoka Simba Septemba mwaka huo huo kwenda Raja Casablanca. Klabu ndogo ikiachwa hivyo inaumia zaidi, kwa hiyo pendekezo lenu liseme wazi kwamba kipengele cha fidia ya kuondoka kiwemo.

La tatu, anakuja na nani? Akitaka wasaidizi wanne na klabu ina uwezo wa wawili, jina linakatwa.

La nne ni la wageni tu. Mbali na kibali cha kazi na cha kuishi, tangu Januari 2021 kanuni za FIFA zina kiambatisho cha makocha: klabu isipomlipa kocha ndani ya siku 45 baada ya kuamriwa, inaweza kufungiwa kusajili hadi madirisha matatu. Timu ya kati ikifungiwa madirisha matatu imeshashuka, bado tu kutangazwa. Hii si hoja ya kuwakataa wageni. Ni hoja ya kutomwajiri mtu ambaye hamtaweza kumfukuza.

Hesabu ya kilichobadilika

Wengi hukosea hapa, kwa sababu jedwali la msimu linaonyesha pointi za timu, halionyeshi za kocha. Chukueni mechi alizosimamia yeye, gawanyeni pointi kwa idadi ya mechi, halafu linganisheni na alichokikuta.

Mfano wa kubuni. Kocha wa kwanza alikuta timu ina pointi 9 katika mechi 12, yaani 0.75 kwa mechi. Akasimamia 18 zilizobaki, akapata 23, yaani 1.28. Msimu umeisha kwa pointi 32. Kocha wa pili alikuta pointi 22 katika mechi 11, sawa na 2.0 kwa mechi, akasimamia 19, akapata 33, yaani 1.74. Msimu wake umeisha kwa pointi 55. Kijiweni wa pili ndiye atakayeshangiliwa, wakati timu imeshuka mikononi mwake na ya yule wa kwanza imepanda.

Ila msimkabidhi wa kwanza ushindi haraka. Kocha hufukuzwa timu ikiwa chini kuliko uwezo wake, kwa hiyo anayefuata mara nyingi huanza vizuri hata asipofanya kitu. Ndiyo sababu ya kuzitenga mechi zake tano za kwanza na kuhesabu kuanzia ya sita. Pia tenganisheni mechi dhidi ya Yanga, Simba na Azam. Kocha aliyekutana nazo tano ndani ya mechi kumi hawezi kupimwa sawa na aliyekutana na moja. Na mwenye mechi chini ya kumi, andikeni “haijulikani” muendelee.

Halafu ulizeni kikosi kilikuwaje. Geita Gold ilipanda 2021 na msimu wake wa kwanza, 2021/22, ikamaliza ya nne chini ya Fred Felix Minziro. Msimu huo huo mshambuliaji wake George Mpole akawa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 17. Aliyeinua timu ni kocha au ni Mpole? Jibu la busara ni kwamba kocha alijenga timu iliyomfikishia Mpole mipira, na hilo linaonekana ukitazama mechi, halionekani kwenye takwimu.

Kutazama mechi, si mabao

Majina yakibaki matatu au manne, tazameni mechi tatu kamili za kila mmoja: aliyoshinda nyumbani, aliyofungwa, na ya ugenini dhidi ya timu ya kiwango chake. Gawaneni, watu wawili kwa kila kocha, kwa sababu bando la dakika 90 mara tisa au zaidi si mchezo kwa mtu mmoja. Mwenye kibanda umiza, ukumbi wa kulipia kutazama mpira, akikubali kuonyesha marudio asubuhi, ni nafuu zaidi.

Mtazamaji asiandike “walicheza vizuri”. Aandike vitu hivi: mabeki wanasimama wapi timu ikipoteza mpira, wangapi wanabaki nyuma timu ikipiga kona, mabadiliko ya kwanza yalifanyika dakika ya ngapi na yalibadilisha nini, baada ya kuongoza, timu iliendelea kukabia juu au ilipaki basi, yaani ilirudi nyuma yote kulinda. Dakika kumi baada ya kufungwa ndizo zinazosema mengi kuliko zote. Kama wachezaji wanaangalia benchi na benchi halina jibu zaidi ya mipira mirefu, mmeshamjua mtu wenu.

Tabia nayo ichunguzwe. Luc Eymael alifukuzwa Yanga Julai 2020 kwa maneno ya kuwadhalilisha mashabiki, si kwa matokeo. Pigeni simu kwa mashabiki wa mji alikotoka, muulize mambo yanayothibitika: mazoezi yalianza kwa wakati? Vijana wa akademi walicheza? Alizungumzaje na wachezaji waliokaa benchi? Mambo ya nyumbani kwake na ya pombe za kusikia msiyaandike popote, wala msiyasambaze kwenye kundi la WhatsApp. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina msamaha wa ushabiki.

Kura na barua

Kura ya kunyoosha mikono humfuata mzee au mwenye gari. Tumieni vipande vya karatasi: kila mmoja aandike majina matatu kwa mpangilio, la kwanza pointi 3, la pili 2, la tatu 1. Kwa njia hii hupanda jina ambalo wengi wanaliafiki, wakati lile linalopendwa na kundi moja na kuchukiwa na wengine hushuka. Majina mawili yakilingana, rudini kwenye sentensi tano za mwanzo mwone nani anajibu nyingi zaidi.

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa katibu wa klabu. Aya ya kwanza ni mahitaji, ya pili ni majina matatu na hesabu zao, ya tatu ni tahadhari za mkataba. Msiandike “tunautaka uongozi”, andikeni “tunapendekeza”. Kama mmoja wa watatu bado ana timu, barua isipigwe picha kurushwa mtandaoni. Mtaivuruga kazi yake huko na bei yake itapanda kabla uongozi haujampigia simu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo.

Uongozi ukichagua mtu mwingine kabisa, ambalo hutokea mara nyingi, katibu afungue ukurasa mpya wenye jina la huyo aliyechaguliwa na aanze kujaza tangu mechi ya kwanza uwanja wa Jamhuri: dakika za mabao, kona, mabadiliko. Kikao cha kumjadili kisiitishwe kabla ya mechi ya kumi, na zile tano za mwanzo zipigiwe mstari ili zisichanganywe na nyingine.