Mkasi wa miti kwenye kijiko: piga hesabu kabla hujabana shina

"Mashine ya tani 20 itashindwaje na mti wa tani moja na nusu?" Msimamizi wangu aliniuliza hivyo tukisafisha njia upande wa Sikonge, na sikuwa na jibu. Nilikuwa naendesha kijiko (ekskaveta) kilichofungwa mkasi wa kukatia miti badala ya bakuli la kuchimbia. Nikaubana mtundu, mti mmojawapo wa miombo, nikaukata, nikazungusha kushoto ili niulaze pembeni. Cheni ya kulia ikanyanyuka kutoka chini. Nikashusha mkono polepole mpaka mti ukagusa ardhi, cheni ikarudi. Msaidizi wangu alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale. Wewe mdogo wangu unayeanza kazi hii ya mkasi, nataka uwe na jibu ambalo mimi sikuwa nalo siku ile.

Jibu ni kwamba tani 20 ni uzito wa mashine yenyewe. Inachoweza kunyanyua kimeandikwa kwenye jedwali la kunyanyulia, ndani ya kitabu cha mashine na mara nyingi kwenye kibandiko ndani ya kabini. Jedwali hilo lina mambo matatu: umbali wa mzigo, kimo chake kutoka ardhini, na upande ulioelekea, yaani mbele ya cheni au ubavuni. Ubavuni namba hushuka sana, kwa sababu upana wa cheni zote mbili kwa pamoja ni mfupi kuliko urefu wake. Soma namba ya ubavuni siku zote, hata kama umepanga kukata kwa mbele. Ukishakata utazungusha tu.

Umbali nao huwakosesha wengi. Haupimwi kutoka ncha ya cheni, unapimwa kutoka katikati ya mhimili ambao kabini inazungukia. Mita 6 za jedwali, ukiwa umeelekea mbele, ni kama mita 4 tu kutoka mwisho wa cheni. Tena jedwali linahesabu mpaka kwenye pini ya mwisho ya mkono, wakati mti ulioshikwa na mkasi uko mbele zaidi ya pini hiyo. Pima mpaka katikati ya shina.

Sasa hesabu. Tuseme jedwali lako, lililoandikwa bila bakuli, linakupa kilo 3,100 ubavuni kwa mita 6, na kilo 2,200 kwa mita 7.5. Mkasi una kilo 1,150 kwenye kibati chake, na kiunganishi cha haraka, kile kinachoushikiza mkasi kwenye mkono, kilo 250. Hizo kilo 1,400 unazitoa kwanza. Kwa mita 6 umebakiwa na 1,700. Kwa mita 7.5 umebakiwa na 800. Mita moja na nusu imekula zaidi ya nusu ya nguvu yako. Kama jedwali limeandikwa likiwa na bakuli, ongeza uzito wa bakuli kwenye namba kwanza, halafu utoe mkasi na kiunganishi.

Mti hauna kibati, kwa hiyo utapima. Zungusha futi kamba kwenye shina kimo cha kifua upate mzingo kwa mita, uzidishe mzingo kwa mzingo, ugawe kwa 12.6, kisha uzidishe kwa urefu wa mti. Mtundu wangu ulikuwa na mzingo wa mita 1.26, yaani unene wa sentimita 40, na urefu kama mita 12. Inatoka mita za ujazo moja na nusu. Mti mbichi wa miombo nauhesabu tani moja kwa kila mita ya ujazo. Hesabu hii inalichukulia shina kama bomba lenye unene mmoja chini hadi juu. Linavyopungua kwenda juu, nafasi hiyo nawaachia matawi na majani. Basi ni kilo 1,500. Kwa mita 6 ungepita kwa shida. Mimi nilikuwa nimenyoosha mkono mpaka karibu mita 7.5.

Usijifariji kwamba jedwali lina akiba. Ni kweli, kwa kawaida namba zake ni asilimia 75 ya mzigo unaopindua mashine, au asilimia 87 ya nguvu ya haidroliki, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Lakini jedwali hudhani mashine imesimama kwenye ardhi ngumu na tambarare, na mzigo umetulia. Kwenye mbuga ya udongo mweusi baada ya mvua, au cheni moja ikiwa juu ya kichuguu, akiba hiyo imeshaliwa. Mti unaoyumba huila nao. Angalia pia nyota pembeni ya namba: yenye nyota imezuiwa na haidroliki, kwa hiyo mkono utagoma kupanda. Isiyo na nyota imezuiwa na kupinduka, na hapo mkono utapanda vizuri kabisa huku mashine ikilala.

Unene ambao muuzaji anautangaza kwa mkasi wake mara nyingi ni wa miti laini. Mkasi ulioandikwa sentimita 40, mimi siupi mtundu au mninga mbichi wa zaidi ya 30. Hakikisha pia pampu ya mashine inatoa lita za mafuta kwa dakika na shinikizo ambalo mkasi unataka, la sivyo kisu kitasimama katikati ya shina na mti mzima utakuwa umening'inia kwako.

Mti ukizidi hesabu, sogea karibu kwanza. Ukiwa bado umezidi, ukate kwa vipande kuanzia juu, au umwachie mtu wa msumeno. Mninga wa mbao usiukate na mkasi chini kabisa, kwa sababu kisu kinabana na kupasua nyuzi. Acha kipande, kisha msumeno usawazishe.

Na kabla ya kubana, inua macho. Huku kwetu Tabora miti hii ndiyo inayobeba mizinga ya nyuki ya watu. Ukiuona mzinga, zima mashine ukamtafute mwenyewe aje kuushusha, hata kama siku nzima itapotea.